Simba Wawili Mlangoni

Paukwa! Pakawa!

Haya, wajukuu zangu wa Mbuba, maharage yameshaanikwa, sogeeni. Leo hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina simba wawili wasionguruma, maana ni wa mawe.

Wapo Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, kila mmoja upande wake wa ngazi za Maktaba ya McMillan. Nyumba hiyo ilifunguliwa 1931. Mjane wa tajiri McMillan ndiye aliyeijenga kumkumbuka mumewe. Vitabu vilijaa rafuni, lakini kwa zaidi ya miaka 20 aliyeruhusiwa kuingia kusoma alikuwa Mzungu peke yake. Mwafrika alipita nje, hata kama kusoma alikujua vizuri. Simba wa mawe hawang'ati, watoto wangu. Iliyong'ata ni sheria ya mlangoni.

Sasa twendeni Dar es Salaam. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, na mlango wake ukawa wa kila mtu. Mtaniuliza: babu, si wakati ule zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma? Ndiyo. Ndipo yakaja madarasa ya kisomo cha watu wazima: wazee wakakaa na kalamu, wakaandika majina yao kwa mara ya kwanza. Lakini anayejua kusoma akikosa cha kusoma, herufi humtoka kama maji kwenye tenga. Kwa hiyo miaka ya 1970 kanda yetu ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, na vitabu vikaanza kufuata watu vijijini.

Siku mkifika Bukoba, ingieni maktaba ya mkoa. Mtamkuta mstaafu na gazeti lake, pembeni mwanafunzi wa kidato cha nne anakuna kichwa juu ya hesabu. Hawajuani, ila wamegawana meza moja na kimya kimoja. Hakuna atakayewauliza kama ninyi ni Wahangaza au Wahaya. Kimya kile si cha kuogopa mwalimu; kila mmoja anamtunzia mwenzake masikio.

Kisha chukueni kitabu cha kuazima, mfungue jalada. Ndani pamebandikwa kikaratasi chenye mihuri ya tarehe: mmoja umekolea, mwingine umefifia, wa tatu umegongwa upande. Kila tarehe ni mtu. Jina lake hulijui, lakini mmepita njia moja, ukurasa kwa ukurasa.

Basi ukiazima, nawa mikono kwanza, na pembe ya ukurasa usiikunje. Yupo anayekisubiri, na chini ya tarehe yako bado pana nafasi.