Kifafa kwa Asiyekula Nguruwe

Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na wanane katika kila kumi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mbona wamezidi huku kwetu? Ukiuliza Arua au Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, utaambiwa mizimu, laana ya ukoo, jicho baya. Mimi huulizia choo.

Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva huweza kupata tegu tumboni, mara nyingi bila kujua. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Jirani akiyameza katika maji, mboga mbichi au kwa mikono isiyooshwa, viluwiluwi hupita kwenye damu hadi ubongoni na kujifungia vifukoni. Kifafa huweza kuanza miaka mingi baadaye. Kwa hiyo hata Koboko, penye Waislamu wengi, kutogusa nguruwe si kinga. Mwaka 1992 madaktari waliripoti vifuko hivyo katika ubongo wa Wayahudi washika dini wa New York, ambao nguruwe ni haramu kwao. Walioshukiwa kuleta mayai ni watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu.

Tegu si chanzo pekee. Kando ya mito iendayo kasi kuna usubi, ambao watafiti wanauhusisha na kifafa cha watoto, ukiwemo ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowapata watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda. Ongeza malaria iliyopanda kichwani na mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Madhara mengine hutokea jikoni. Mama huanguka kwenye mafiga, na waliopo humwacha aungue kwa kuogopa kuambukizwa na povu la mdomoni. Haliambukizi. Mtoe motoni, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi wagonjwa saba katika kumi wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri, na dawa za mwaka mzima zaweza kugharimu dola 5 tu. Fenobabitoni, mojawapo ya dawa hizo, ni ya zamani na ya bei nafuu, lakini ikikatizwa ghafla kifafa huweza kurudi mfululizo hadi kuua. Vidonge vikiagizwa kwa idadi ya wagonjwa walioandikwa daftarini, wapo wasiohesabiwa. Binti aliyefichwa nyumbani asikose mchumba hamo hayumo.