Kunyonyesha Mbele za Watu Huko Lusu

Katika kata ya Lusu, wilayani Nzega nchini Tanzania, mama anayeuza karanga kando ya barabara hatafuti pa kujificha mtoto akilia. Humzungusha kutoka mgongoni, akampakata na kumpa titi, huku mkono wa pili ukiendelea kupima karanga kwa kopo. Mteja akiuliza bei, anajibiwa. Hakuna anayekodoa macho, na akitokea wa kukodoa, ndiye atakayesemwa.

Uhuru huo una adabu zake. Mbele ya baba mkwe mama hafungui kifua. Hugeuka, huingia ndani au hujitanda kanga. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma ukwe ni heshima nzito, yenye mipaka hata katika kukaa na kula. Kanga hiyohiyo hutumika pia kumkinga mtoto na kijicho, hasa aliyenona. Kwa hiyo ukimwona mama amejifunika, usikimbilie kusema anaona haya. Huenda ni mkwe wake amepita.

Hata kitambaa chenyewe kina historia. Zamani mtoto alibebwa kwa ngozi iliyolainishwa, na kifua cha mama hakikuwa jambo la kufichwa. Ndipo misafara ya pembe na watumwa ikafungua njia kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19, ikaleta merikani iliyofumwa Marekani na kaniki kutoka India. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na baadhi yao walisafiri na wake zao, waliobeba vyombo na watoto. Wanawake hao walinyonyesha njiani, mbele ya msafara mzima, wangefanyaje vingine? Kujitanda kulikuja na nguo hizo na ustaarabu wa pwani, kukazoeleka, na leo wengi wanadhani ni mila ya tangu mababu.

Ipo desturi moja ambayo mimi ningeiacha ife. Mtoto anyonyaye akikonda, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kimwili kabla hajaachishwa ziwa. Wataalamu wa afya hawakubali: mtoto hukonda kwa maradhi au kwa kukosa lishe ya kutosha. Lakini lawama humwangukia mama, naye akiogopa maneno huchelewa kumpeleka mtoto zahanati. Kunyonyesha hadharani hakumsumbui. Kinachomsumbua ni watu kumkagua mtoto wake mbavu.

Usumbufu wa namna nyingine umo kwenye ajira za mshahara. Lusu iliwahi kuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Golden Pride, ambao sasa umefungwa, na Nzega mjini kuna maduka, nyumba za wageni na ofisi. Huko mtoto haji kazini na mama. Mjini ndiko pia maswali ya "kwa nini hapa?" huzaliwa. Nairobi, Mei 2018, wanawake waliandamana baada ya mama mmoja kulalamika kwamba alizuiwa kunyonyesha mgahawani. Mwaka uliofuata, Agosti 2019, mbunge Zuleikha Hassan alitolewa katika ukumbi wa Bunge la Kenya kwa kuingia na mwanawe mchanga. Mambo hayo, muuza karanga wa Lusu angeyasikia kama vichekesho.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Ushauri huo ni mgumu kuutekeleza kwa mama anayeondoka alfajiri na kurudi jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, ili amnyonyeshe mtoto. Wenye maduka na nyumba za wageni wa Nzega, wapeni akina mama saa hizo bila kuwanunia, na muwawekee kiti chenye mgongo.