Sponji Isiyokaa Katikati Huunguza Rangi ya Gari

Gari la doria litembealo ufukoni mwa Ziwa Mweru, kati ya Nchelenge na Kashikishi nchini Zambia, hupigwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Askari aliyekabidhiwa gari hilo hutamani kulirudishia mng'ao wake kwa mashine ya kung'arishia. Nia hiyo ni njema. Lakini sponji ikifungwa vibaya, mashine huharibu kuliko vumbi lenyewe.

Kwanza, vipimo vioane. Sponji sharti izidi kidogo upana wa sahani inayoishikilia: sahani ya milimita 125 hufaa sponji ya milimita 140 au 150. Sponji ikiwa ndogo kuliko sahani, ukingo mgumu wa sahani utakwaruza bodi.

Pili, sponji ikae katikati. Pima kwa kidole sehemu inayozidi sahani. Iwe sawa pande zote. Kisha washa mashine kwa mwendo wa chini kabisa, mbali na gari. Ikitetemeka, izime, chomoa waya wa umeme, bandua sponji na uipachike upya. Sponji iliyoegemea upande mmoja hukandamiza rangi bila usawa. Joto hupanda, na rangi huungua.

Tukumbuke kwamba tabaka zote za rangi ya kiwandani huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Zikiisha, bati hubaki uchi, na mvua huleta kutu. Dakika moja ya kupima huliokoa gari ambalo wenzako watalitegemea kesho.