Alumini na Rangi ya Kwanza: Tuangalie Bati, Tuangalie na Mapafu Yetu

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaonyoosha mabodi ya magari hapa Gitega, pamoja na wenzetu wa Muyinga wanaopokea malori yaingiayo kutoka Tanzania kwa mpaka wa Kobero, tumelaumiwa mara nyingi kwamba rangi yetu haidumu juu ya alumini. Mvua mbili tatu, nayo imebanduka. Mwenye gari huilaumu rangi. Mara nyingi kosa liko chini ya rangi.

Wanaoijua sana kazi hii ni watu wa ndege. Huko Marekani wako watu wanaojiundia ndege ndogo katika gereji za nyumbani. Chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953. Ndege hatuundi, lakini utaratibu wao unatufaa.

Kwanza hutoa mafuta kwa sabuni na maji. (Petroli tunayoizoea huwaka, tena huacha utando.) Kisha husugua kidogo kwa pedi ya nailoni. Nyuzi za chuma hawazitaki kabisa, maana chembe zake hunasa katika alumini na kuanzisha kutu. Msasa mkali nao hukwangua tabaka jembamba la alumini safi ambalo mabati mengi ya ndege hufunikwa nalo kama kinga. Halafu humwaga maji: yakitandaa sawasawa, bati ni safi, yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo, kazi irudiwe. Likikauka haliguswi kwa mkono mtupu, na hupakwa rangi siku ile ile, kabla hewa haijalijengea ngozi mpya nene.

Sasa tuseme linalotuuma. Rangi ya kwanza yenye kimanjano cha kijani, iliyoenea katika ndege za Vita Kuu ya Pili, ina kromati ya zinki. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba kromiamu ya namna hiyo huleta saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Anayepuliza huivuta, anayepiga msasa rangi kuukuu huivuta vilevile, na kwetu kazi hiyo hupewa vijana wanaojifunza, wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii kitu.

Rangi zisizo na kromati zipo. Rangi kuukuu isuguliwe kwa msasa wa maji, na mwajiri atoe glavu na barakoa zenye vichujio. Mjumbe wa wafanyakazi katika kila karakana adai kusoma maandishi ya mkebe kabla haujafunguliwa.