Ukingo wa Mto Nao Una Kazi Shambani

Mvua za masika zikikolea, Mto Chania hufika Thika ukiwa mwekundu. Wekundu huo ni udongo wa juu wa mashamba ya miinukoni, pamoja na mbolea aliyoilipia mkulima. Chania huungana na Mto Thika kuelekea Tana na bwawa la Masinga. Mto Ruiru nao hushukia Mto Athi, unaoingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Udongo wa Kaunti ya Kiambu hujaza bwawa huku, na kule huyatia tope maji ya matumbawe.

Virutubisho hutoka shambani kwa njia mbili. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, ikachukuliwa na maji yatiririkayo juu ya ardhi. Naitrojeni huyeyuka na kupita chini kwa chini. Zikifika mtoni hustawisha mwani, nao ukioza humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Ukanda wa mimea kando ya mto huzikabili zote mbili. Nyasi zilizosongamana hupunguza kasi ya maji, udongo ukatua. Mizizi mirefu ya miti hunyonya naitrojeni, na kivuli chake huyapoza maji.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka ukanda huo uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 wala kuzidi 30 kila upande. Kwa mwenye robo ekari, hiyo ni ardhi kubwa, na malalamiko yake ni ya haki. Ndiyo maana ukanda wenyewe unapaswa kumlisha. Karibu na maji iachwe miti ya asili kama mkuyu; upande wa juu ipandwe nyasi ya nepia, ikatwe kwa zamu kulisha ng'ombe. Kila mzigo unaokatwa huondoa virutubisho ambavyo vingeishia mtoni. Nduma ziwe mbali na ukingo, kwa kuwa kuzichimba huulegeza. Mikaratusi hunywa maji mengi mno. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kwenye vyanzo vya maji.

Hata hivyo, maji yakishajikusanya kwenye mfereji hupenya ukanda wowote. Yazuiwe mapema kwa matuta yanayokingama mteremko. Dawa zinazoweza kusombwa na maji hayo zipunguzwe pia: wakulima wa kahawa wana Ruiru 11, aina iliyotolewa na watafiti wa Ruiru mwaka 1985, ambayo hustahimili kutu ya majani na chulebuni, hivyo dawa za shaba hupungua.

Kaunti zigawe miche ya miti ya asili ya ukingoni kabla ya masika, kwani anayeutunza ukingo humfaa pia anayekunywa maji huko chini.