Inzi Weupe wa Mihogo na Joto la Jua

Mama akichuma sombe asubuhi, mara nyingi huona kitu kama majivu meupe kikiruka kutoka chini ya majani. Kinaruka kidogo, halafu kinarudi kukaa. Ndio inzi weupe. Urefu wa mmoja ni karibu milimetri 1 tu. Tunawaita inzi, lakini si inzi kweli: inzi wa nyumbani ana mabawa mawili, huyu ana manne. Ndugu zake ni vile vidudu vyeusi vinavyosongamana juu ya maharagwe na kuyanyonya.

Naye pia hunyonya. Mdomo wake ni kama sindano. Anauingiza katika jani na kunywa maji yaliyomo. Kisha anatoa uchafu mtamu wenye kunata, na juu ya uchafu huo huota ukungu mweusi. Lakini hasara hiyo bado si kubwa. Hasara kubwa ni mozaiki. Majani ya muhogo wenye mozaiki yana mabaka ya manjano, ni madogo, tena yamejikunja. Ukichimba, unakuta mizizi kama vidole. Ugonjwa huu unaletwa na virusi, navyo ni vidogo hata darubini ya shule haiwezi kuvionyesha. Inzi mweupe akinyonya muhogo mgonjwa muda wa saa chache, anavichukua. Akihamia muhogo mzima na kuunyonya, anaviacha humo.

Sasa ulizeni: kwa nini mahali pengine inzi hawa ni wachache, na mahali pengine ni kama mavumbi? Sababu ni nyingi. Mvua kubwa, kwa mfano, huwapiga na kuwaangusha. Lakini sababu moja kubwa ni joto.

Mnajua kuku. Anaatamia siku 21. Huko Uvira, penye joto, ni siku 21. Huko milimani, penye baridi, ni 21 vilevile. Maana mama anayapa mayai joto la mwili wake. Inzi mweupe haatamii. Anabandika mayai chini ya jani, kila yai na kikonyo chake, kisha anakwenda zake. Basi, nani anayaatamia? Ni hewa yenyewe. Hewa ikiwa na joto, yai hupasuka upesi. Ikiwa na baridi, yai linangoja.

Mtoto wake yuko hivyohivyo. Akitoka ndani ya yai anatembea kidogo, anatafuta mahali pazuri, halafu anabaki palepale kama gamba dogo la samaki, akinyonya na kujivua ngozi, mpaka siku anapotoka na mabawa. Hana joto lake mwenyewe. Hewa ikiwa na digri 30, toka yai mpaka mabawa ni majuma mawili na nusu au matatu. Ikiwa na digri 15 au 16 tu, ni miezi miwili, pengine na zaidi. Ikishuka karibu na digri 10, hakui kabisa. Tena, msizani kwamba kila joto linamfaa: likipita sana digri 35, mayai mengi hufa. Joto analolipenda ni kati ya digri 25 na 30. Na hilo ndilo joto ambalo muhogo nao unalipenda! Hapo ndipo taabu inapoanza.

Fanyeni hesabu. Tuseme mama mmoja anaacha watoto wa kike 10 wanaopona. (Mayai yake huweza kupita 100, lakini wengi huliwa na buibui na vidudu vingine.) Penye joto, kizazi kimoja ni siku 20, penye baridi, siku 60. Baada ya siku 60, shamba la baridi lina watoto 10. Shamba la joto limepata vizazi vitatu: 10, kisha 100, kisha 1.000. Na mama alikuwa mmoja tu.

Tutazame sasa inchi yetu. Uvira iko kando ya ziwa Tanganika, na maji ya ziwa hilo yako karibu metri 770 juu ya bahari. Barabara inapita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, halafu inapanda milima kwenda Bukavu. Ziwa Kivu liko karibu metri 1.460. Kila ukipanda metri 1.000, joto hupungua karibu digri 6. Kwa hiyo, toka ziwa mpaka ziwa, joto linapungua karibu digri 4. Ni kidogo kwetu, tunavaa fulana tu. Kwa inzi mweupe ni siku nyingi za kungoja. Ndiyo sababu katika mashamba ya juu mozaiki huenea polepole kuliko bondeni. Lakini hewa ya dunia inazidi kupata joto, na baridi ya milima haitayalinda mashamba hayo daima kama zamani.

Joto linasaidia kuruka pia. Asubuhi ya baridi, inzi mweupe amepooza chini ya jani. Jua likipanda, anaamka, na upepo mwepesi unamchukua mbali kuliko mabawa yake yanavyoweza.

Huko Uganda, toka mwaka 1988, mozaiki kali ilianza kuenea, ikisogea kilometri 20 au 30 kila mwaka. Watu wengi waliacha kulima mihogo, na njaa ilitokea. Baadaye ikaingia Kongo ya mashariki. Joto peke yake halikuleta msiba ule: aina mpya ya virusi ilikuwa imetokea, nao inzi walikuwa wengi mno.

Tena kuna njia nyingine ambayo haingoji joto wala upepo. Ni mtu anayefunga mzigo wa miti ya mihogo migonjwa na kwenda kuipanda mlimani. Siku moja ya motokari inatosha.

Mnaweza kujua ni nani aliyeleta ugonjwa shambani. Tazameni muhogo mchanga. Kama majani yote yana mabaka, hata yale ya kwanza ya chini, ugonjwa ulikuja na kipande kilichopandwa. Ung'oeni, na msichukue mti wake kwa kupanda. Kama majani ya chini ni mazima, na ya juu tu ni magonjwa, ni inzi aliyeuleta. Basi nendeni mapema, kabla jua halijapanda. Pindueni polepole majani matano ya juu ya kila muhogo, mkawahesabu wakiwa bado wamelala.