Afya ya akili ya watoto na vijana: dalili za mapema na mahali pa kupata msaada Mombasa

Mtoto akipata homa, wazazi wengi hujua la kufanya. Humgusa kipaji cha uso, humpa maji, na homa isipopungua humpeleka zahanati. Lakini mtoto huyo huyo akibadilika tabia, akaacha kucheza, akawa hataki shule au akawa mkali kwa ndugu zake, mambo huwa mengine. Huambiwa ana kiburi, amedekezwa au ameharibiwa na marafiki. Miezi hupita kabla ya mtu mzima kumuuliza kinachomsumbua.

Kuchelewa huko ndiko kunakoleta madhara makubwa. Matatizo mengi ya afya ya akili huanza utotoni au katika ujana, na yanatibika vizuri zaidi yakigunduliwa mapema. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili. Kwa kiwango hicho, darasa la wanafunzi 42 linaweza kuwa na watoto sita wanaohitaji msaada, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema neno.

Kwa nini mtoto hasemi

Watu wazima wengi husubiri mtoto aseme kwamba ana huzuni au wasiwasi. Mtoto mdogo hana maneno hayo. Yeye husema tumbo linauma au kichwa kinamgonga, hasa asubuhi ya kwenda shule. Wengine hurudi kukojoa kitandani baada ya kuwa wameacha. Kijana mkubwa anaweza kuwa na maneno, lakini anaogopa kuchekwa, kuadhibiwa au kuitwa mwendawazimu.

Huzuni ya kijana pia haionekani sawa na ya mtu mzima. Mara nyingi hujitokeza kama hasira. Kijana anayebishana kwa kila jambo, anayefunga mlango kwa kishindo na kukesha kwenye simu anaweza kuwa mkaidi tu, na anaweza pia kuwa anaumia. Kumtazama mara moja hakutoshi kuyatofautisha mambo hayo. Kinachosaidia ni kuangalia mambo matatu: amebadilika kiasi gani kutoka alivyokuwa, hali hiyo imedumu kwa muda gani, na inamzuia kufanya nini.

Dalili za kutazamwa

Mzazi au mlezi anashauriwa kutafuta ushauri wa kiafya ikiwa dalili kama hizi zimeonekana karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi:

• Kujitenga na marafiki na kuacha mambo aliyoyapenda, kama vile mpira, madrasa au kwaya.
• Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10.
• Kula kidogo sana au kupita kiasi, au kulalamikia maumivu ambayo kipimo hakionyeshi chanzo chake.
• Kushuka ghafla kwa matokeo ya masomo au kutoroka shule.
• Hofu isiyoisha, kushtuka ovyo au kulia bila sababu ya wazi.
• Kuanza kutumia bangi, muguka, pombe au dawa za kulevya.

Dalili nyingine hazisubiri wiki mbili. Kijana anayezungumzia kufa, anayejikata au kujidhuru kwa njia nyingine, anayegawa vitu vyake vya thamani, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anahitaji msaada siku hiyo hiyo.

Yanayowalemea vijana

Hakuna chanzo kimoja. Zipo familia ambazo ugonjwa wa akili umekuwapo kwa vizazi, na kuna mizigo inayotokana na maisha. Mombasa ina watoto wengi ambao mama au baba amekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, nao wamebaki kwa nyanya au shangazi. Pesa hutumwa na karo hulipwa, lakini mtoto bado anaweza kulia usiku kwa kumkosa mzazi. Wapo wanaoishi na ugomvi nyumbani, waliofiwa, wanaodhulumiwa kimapenzi na watu wanaowajua, na wanaoogopa kupita mtaani kwa sababu ya magenge. Watahiniwa nao hubeba matumaini ya ukoo mzima katika mtihani mmoja.

Dawa za kulevya huingia hapo. Mara nyingi kijana huanza kutumia ili kutuliza jambo jingine. Kumtoa maskani bila kushughulikia jambo hilo humrudisha maskani.

Namna ya kuzungumza naye

Mazungumzo mazuri huanza mahali ambapo mtoto haoni amewekwa kizimbani: wakati wa kuosha vyombo, njiani kutoka dukani au ndani ya matatu. Mzazi anaweza kuanza na alichokiona mwenyewe, kwa mfano: “Mwanangu, siku hizi naona huli na hutoki. Nina wasiwasi nawe. Kuna nini?” Kisha anyamaze na kusikiliza. Maneno kama “Sisi tulipata shida kuliko wewe” au “Omba tu, yatapita” humfunga mtoto mdomo.

Wazazi wengi huogopa kuuliza kuhusu kujiua wakidhani watamtia mtoto wazo hilo. Wataalamu wanasema sivyo. Kumuuliza kijana kwa upole, “Umewahi kufikiria kujiua?” hakumpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema alichokuwa akikibeba peke yake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, asikaripiwe, na dawa, sumu na vitu vya hatari vifungiwe mbali naye wakati msaada unatafutwa.

Viboko navyo haviponyi. Humfundisha mtoto kuficha dalili. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili.

Familia nyingi hutafuta kwanza dua au maombi, na imani inaweza kumpa mtoto faraja na jamii ya kumshika mkono. Haizuii kwenda hospitali. Linalokatazwa ni kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula, kumpiga ili “kumtoa jini” au kumkatisha dawa alizoandikiwa na daktari.

Mahali pa kuanzia

Huduma za afya ya akili haziko katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi pekee. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo katika vituo vyao. Mkazi anaweza kufuata hatua hizi:

1. Mhudumu wa afya ya jamii. Huyu hutembelea nyumba za mtaa wake. Anaweza kusikiliza, kueleza dalili na kuielekeza familia kwenye kituo kilicho karibu.

2. Zahanati au kituo cha afya. Mzazi aeleze tabia zilizobadilika na zilianza lini, badala ya kusema tu “kichwa kinamuuma”. Akiziandika kwenye karatasi kabla ya kwenda, hatasahau.

3. Hospitali. Hali ikihitaji mtaalamu, mtoto hupewa rufaa. Hospitali ya Port Reitz, iliyoko Changamwe, ina kitengo cha magonjwa ya akili ambacho kimehudumia wakazi wa Pwani kwa miaka mingi.

Matibabu ya kwanza kwa watoto wengi ni mazungumzo na mshauri nasaha au mwanasaikolojia, mara nyingi pamoja na mzazi. Dawa hutolewa pale zinapohitajika, na haziachwi bila ushauri wa daktari hata mtoto akionekana amepona.

Kuhusu gharama, familia iliyojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Watoto husajiliwa chini ya mzazi au mlezi, kwa hivyo ni vyema kuhakikisha kuwa majina yao yamo. Huduma za hospitalini hutegemea michango iliyolipwa.

Ikiwa mtoto amebakwa au kunajisiwa, afikishwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asiogeshwe, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali ya Coast General ina kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia ambacho hutoa matibabu pamoja na ushauri nasaha.

Shule na walimu

Mwalimu humwona mtoto kwa saa nyingi kuliko mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Mwanafunzi aliyekuwa akiinua mkono na sasa analala darasani anastahili kuulizwa kabla ya kuadhibiwa. Mzazi naye ana haki ya kuzungumza na mwalimu wa ushauri nasaha na kukubaliana naye njia ya kumsaidia mtoto, mradi siri zake zisigeuke mazungumzo ya gwaride. Penye dhuluma nyumbani, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ihusishwe.

Hofu ya polisi

Baadhi ya familia zimewaficha vijana waliojaribu kujiua kwa kuogopa kukamatwa, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kijana aliyejaribu kujiua ni mgonjwa anayehitaji matibabu. Akimbizwe hospitali, na familia iwaeleze wahudumu ukweli wa kilichotokea ili wampe tiba inayofaa.

Nambari za simu za bila malipo

• 116: Childline Kenya, kwa watoto na kwa yeyote anayetaka kuripoti dhuluma dhidi ya mtoto, saa 24.
• 1199: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ushauri nasaha.
• 1192: NACADA, msaada kuhusu pombe na dawa za kulevya.
• 1195: Msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.
• 999 au 112: Dharura.

Nambari hizi zibandikwe jikoni, darasani, madrasani na kanisani, mahali ambapo mtoto anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.